Kamera ya Ozu inakaa chini. Na yangu ikae?

"Shikamoo mwalimu. Mimi niko Tanga, najifundisha kutengeneza filamu kwa simu. Rafiki yangu alinipa Tokyo Story ya yule Mjapani, Ozu, akasema ni kati ya filamu bora zilizowahi kutengenezwa. Nimeiangalia mara mbili. Mara ya kwanza nililala. Mara ya pili nililia mwishoni na sijui nililia nini, maana hakuna kilichotokea. Kamera haisogei, iko chini kama imewekwa na mtoto. Waigizaji wanaongea wakinitazama mimi badala ya kutazamana. Bibi anakufa bila hata kuonyeshwa akikata roho. Hayo ni makosa ya zamani au ndio ufundi wenyewe? Nauliza kwa sababu nataka kutengeneza filamu fupi juu ya bibi yangu mzaa mama, aliyefariki mwaka juzi, na nataka kuiga mtindo huo. Niweke simu sakafuni tu? Na yule mama jirani wa dirishani ana kazi gani?"

Marahaba. Kwanza usione haya kwa kulala. Mimi mara ya kwanza niliishia pale wazee wanapopelekwa kwenye hoteli ya pwani. Nilipozinduka, taa za ukumbi zilikuwa zimewashwa na watu wanatafuta viatu vyao. Nikikusoma vizuri, kinachokusumbua hasa si urefu wa kamera. Umelia na huoni kilichokuliza, na sasa unaogopa kuiga kitu usichojua kinafanyaje kazi. Hofu hiyo ni ya haki, na wengi walioiga mtindo huu bila kuwa nayo walituletea filamu za watu wanaokodolea ukuta.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, ilitengenezwa na studio ya Shochiku mwaka 1953, na ina dakika 136. Mwongozaji ni Yasujiro Ozu, na mswada aliuandika pamoja na Kogo Noda. Wazee wawili, Shukichi na Tomi Hirayama, wanatoka Onomichi, mji mdogo wa bandari katika mkoa wa Hiroshima, kwenda kuwaona watoto wao Tokyo. Mkubwa, Koichi, ni daktari wa mtaani. Binti, Shige, ana saluni nyumbani kwake. Kila mmoja ana shughuli zake. Anayewapa wazee muda ni Noriko, mjane wa mtoto wao Shoji aliyepotea vitani. Wazee wanarudi kwao, mama anaugua njiani, anafariki nyumbani, watoto wanakuja kuzika, wanaondoka. Basi.

Unasema hakuna kilichotokea. Nikihesabu naona mtu amekufa, mwingine amebaki mjane, na mjane mwingine ameambiwa na baba mkwe kwa kinywa chake mwenyewe kwamba asahau, aolewe. Kwenye tamthilia zetu za jioni hayo ni ya miezi mitatu. Tofauti iko kwenye kilichoonyeshwa na kilichorukwa. Safari ya kwenda Tokyo hatuioni: tunawaacha wazee wakifunga mizigo, na shoti inayofuata ni mabomba ya moshi ya viwanda. Mama anapougua kwenye treni hatupo. Tunasikia kwa mtoto wao Keizo, mfanyakazi wa reli kule Osaka, akimsimulia mwenzake kazini kama usumbufu uliompata juzi. Na kifo chenyewe ndicho kilichokushangaza. Koichi anawaambia wenzake kwamba mama huenda asifike asubuhi. Halafu tunaona gati tupu, reli, mji kabla watu hawajatoka. Halafu familia imekaa kando ya mwili na uso umeshafunikwa.

Filamu nyingi huvuna machozi pale pale roho inapotoka, kwa sababu ndipo machozi yalipo rahisi. Ozu amepita bila kusimama. Amekupa usiku na amekupa asubuhi, na pengo la katikati amekuachia. Pengo lile mtu halijazi kwa kifo cha Kijapani, hulijaza kwa kifo anachokijua. Wewe ulimweka bibi yako. Ndicho kilichokuliza, na ndiyo sababu hukukiona kwenye kioo: hakikuwa kwenye kioo.

Lakini pengo peke yake halilizi mtu. Lazima kabla yake uwe umepewa vitu vya kutosha, vidogo vidogo, bila kuambiwa kwamba unapewa. Rudi kwenye dakika za mwanzo kabisa, wazee wakifunga mizigo. Mke anauulizia mto wa upepo wa safarini. Mzee anamwambia, nilikupa wewe. Mke anasema haumo kwake. Mzee anashikilia kwamba alimpa. Mke anatafuta tena, bila kununa. Kisha mzee anaukuta kwenye vitu vyake mwenyewe na kusema tu kwamba ameuona. Haombi radhi, na mke hamsuti. Kama umeishi na wazee unajua kwamba mto ule umetafutwa hivyo kwa miaka arobaini. Uweke akilini mto huo, nitaurudia.

Sasa kamera. Utasikia kila mahali kwamba iko pale ili iwe jicho la mtu aliyekaa kwenye tatami, ile mikeka yao ya kutandika chumba kizima. Maelezo matamu, na sisi tuliolelewa mkekani tunayadaka haraka. Lakini hebu pima. Kichwa cha mtu mzima aliyekaa chini kiko juu kuliko lenzi ile. Na kamera hiyo hiyo iko chini ofisini, kwa watu wenye viti na meza, na iko chini barabarani. Kwa hiyo si jicho la mtu yeyote. Mpiga picha wake, Yuharu Atsuta, alilazimika kulala kifudifudi ili achungulie, na stendi yenyewe ilikuwa fupi ya kutengenezwa maalumu.

Faida yake ni ya umbo. Kamera ikikaa chini na kulala sawa bila kuinamishwa, sakafu hupungua, na watu waliokaa hujaa kwenye fremu bila kudunishwa. Nguzo, milango ya kusukuma na miimo yake husimama wima, nyumba ikawa fremu ndani ya fremu ndani ya fremu. Na hapa ndipo utamu ulipo kwa mtu wa ufundi: kwa kuwa kila mtu amekaa, anayesimama anakuwa tukio. Anapanda kama mlingoti. Shige anaposimama katikati ya mazungumzo kwenda kwenye shughuli zake, huhitaji kuambiwa kwamba ana haraka.

Kisha kuna utulivu wenyewe. Kamera inasogea mara chache mno. Moja ni kwenye basi la watalii, ambapo basi ndilo linalotembea. Nyingine ndiyo ya kuikariri. Wazee wamerudi mapema kutoka hotelini, Shige ana mkutano wa wasusi nyumbani na hawana pa kulala, na kamera inaanza kuteleza polepole kandokando ya ukuta mpaka inawakuta wamekaa chini, nje, wakipoteza muda. Kabla ya kutoka mzee alishatania kwamba sasa wamekuwa watu wasio na makazi. Baada ya zaidi ya saa nzima ya kukaa tuli, mwendo ule mdogo unakushika mwilini kama gari linapoondoka ghafla. Angekuwa anasogeza kamera kila dakika, usingeusikia. Wala usidhani shoti zake ni ndefu kupindukia. Kwa wastani moja hudumu kama sekunde 10, kisha anakata. Filamu hii inakatwa sana. Unachokiita upole ni kwamba kila mkato unaangukia mahali ulipotulia.

Kuhusu kutazamwa wewe: si kosa, wala hawakusahau kamera ilipo. Waongozaji wengi hufundishwa kuweka mstari wa kuwaziwa kati ya wazungumzaji wawili na kubaki upande mmoja, ili huyu atazame kulia na yule kushoto, na mtazamaji aketi pembeni kama shahidi. Ozu anauvuka mstari huo kila siku. Anaiweka kamera karibu katikati yao, anampiga huyu uso kwa uso, anazunguka nyuzi 180, anampiga yule vivyo hivyo, ukubwa ule ule, mahali pale pale kwenye fremu. Macho yao hupita kidogo tu kando ya lenzi. Hivyo hukai tena pembeni. Noriko anapomkiri mzee kwamba yeye si mwema kama wanavyomsifu, kwamba siku nyingine hamkumbuki marehemu mumewe, na tabasamu la Setsuko Hara linaanza kuvunjika, wewe ndiye mkwe anayeambiwa. Na mkwe huyo, kwa taarifa yako, ni Chishu Ryu, aliyekuwa na miaka 49 tu akiigiza mzee wa 70. Uzee wote ule ni mgongo na namna ya kuitikia.

Kosa lingine ninalolisikia ni kwamba "Wajapani ndivyo walivyo", filamu zao ziko hivi. Hapana. Kenji Mizoguchi, wa zama zile zile, kamera yake ilitembea kama mtu mwenye safari. Na Ozu mwenyewe alikua akipenda filamu za Marekani kupita kiasi. Mtindo huu ni wake, aliuchonga kwa kuacha kimoja baada ya kingine, miaka kwa miaka, mpaka akabaki na hivi vichache. Inafaa ulijue hilo kabla ya kuiga, kwa sababu unaweza kuchukua alichobakiza bila kupitia alichoacha.

Zile shoti zisizo na mtu, za taa ya mawe, nguo kwenye kamba, boti, chupa kwenye uchochoro, usizichukue kama mapambo ya kubadilishia sini. Zinafanya kazi mbili. Zinakupa nafasi ya kuvuta pumzi na yaliyopita, halafu zinakuhamisha mahali kabla hujajua umehama. Wakati mwingine ndizo zinazosema habari yenyewe. Pale hotelini Atami, watoto wamechanga fedha wazee wakapumzike baharini. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamepewa tiketi. Usiku vijana wanacheza mahjong, mchezo wa vigae vya mezani, na kuimba mpaka karibu alfajiri. Ozu anatuonyesha jozi mbili za ndara zimepangwa vizuri nje ya mlango, na makelele yanapita juu yake. Kwangu ile ndiyo shoti kali kuliko zote katika filamu nzima. Asubuhi wazee wamekaa kwenye ukuta wa bahari, mama anasimama, anapepesuka, anajishika, anasema si kitu. Hapo ndipo kifo kilipobisha hodi. Mara ya kwanza huenda ulikuwa umelala.

Sikia pia sauti. Onomichi ina mashine za boti, zile za tuk-tuk-tuk, na nyenje. Zinaendelea wakati wa msiba kama zilivyokuwa wakati wa kufunga mizigo. Na mokugyo, ile ngoma ndogo ya mbao ya hekaluni: Keizo, aliyechelewa kumkuta mama hai, anatoka nje kwa sababu kila mpigo unamfanya amwone mama akizidi kuwa mdogo.

Juu ya maudhui sitakuchosha, umeyaelewa kuliko unavyodhani. Nitagusa moja tu, kwa kuwa waigaji wengi huliharibu. Watoto hawa si wabaya. Koichi anaahirisha matembezi ya Jumapili kwa sababu kuna mgonjwa anasubiri. Shige, ambaye tunapenda kumchukia, ndiye anayelia kwa nguvu mama anapofariki. Baada ya mazishi anaomba apewe mshipi na kimono za marehemu, huku chakula kikiendelea. Ni mtu yule yule, na kilio na ombi vyote viwili ni vya kweli. Hata Noriko anamwambia mdogo wao Kyoko, aliyekasirika, kwamba watoto wakikua huwa na maisha yao, na kwamba hata yeye atakuwa hivyo. Kyoko anauliza kama basi maisha ni ya kukatisha tamaa. Noriko anakubali, na anatabasamu. Ukimfanya shangazi yako mmoja kuwa nduli wa filamu yako, utapata makofi na utaipoteza filamu.

Tuje kwako. Simu sakafuni, hapana. Lenzi kuu ya simu ni pana. Ukiiweka chini ndani ya chumba utapata dari, feni, na miguu mirefu ya watu kama nguzo za daraja. Ozu alishikilia lenzi moja, ya milimita 50, na kwenye filamu ya upana aliotumia hiyo huona sehemu nyembamba, karibu na simu ikiwekwa kwenye lenzi yake ya mara 3. Kama simu yako haina lenzi hiyo bali inakuza picha kwa hesabu tu, picha itachakaa. Heri utumie ya mara 2 na urudi nyuma. Pandisha juu ya vitabu vitatu vinne au kibao cha mbuzi, usiinamishe, na angalia miimo ya mlango: ikisimama wima, umepata. Tatizo litakuwa nafasi. Yeye alikuwa na nyumba za studio zenye kuta za kuondolewa. Wewe una chumba cha bibi. Huenda ukalazimika kupiga kutoka ukumbini kupitia mlango, jambo ambalo litakupa fremu ndani ya fremu bila kuomba.

Nikuambie ukweli kuhusu kuiga. Una njia mbili, na zote zina gharama. Unaweza kufuata sheria zake zote, kama mwanafunzi anayenakili hati ya mwalimu: kamera chini, hakuna mwendo, uso kwa uso. Utajifunza sana na filamu itanuka Ozu. Kwa kazi ya kwanza hiyo si aibu. Au unaweza kuchukua kanuni moja tu, ile ya kuruka, na mengine uyaache. Mimi ningechagua hii. Bibi yako hakuishi kwenye tatami. Alikuwa na kiti chake, kizingiti chake, pahala pake pa kuchambulia mchele. Tafuta urefu wa kamera ambao nyumba ile inautaka, uushikilie huo huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kushikilia ndiko kunakofanya kazi, zaidi ya vipimo vya sentimita. Kisha andika matukio yote makubwa ya hadithi yako, na ujiulize lipi ukilitoa mtazamaji atalijaza mwenyewe. Kama ukitoa moja na hadithi ikawa haieleweki, ulikuwa hujaweka mto wa upepo wa kutosha mwanzoni.

Kuna mambo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Mkato ni mmojawapo: ukishapiga, kaa na mhariri ana kwa ana, hata nusu siku, mwangalie kioo kimoja, mwulize anakata wapi na kwa nini. Ukiweza, vuka uende Zanzibar wakati wa tamasha la filamu, ZIFF, ukaone filamu tulivu pamoja na watu. Utulivu ndani ya umati na utulivu kwenye simu kitandani ni vitu viwili tofauti. La pili ni zito zaidi. Unakwenda kupiga picha nyumba ya msiba wa miaka miwili, na mama yako na ndugu zake wamo. Kabla ya kuwasha chochote, nenda ukakae nao, uwaeleze, uwasikilize, na atakayesema hataki chumba kile kionekane, usikionyeshe. Na wewe mwenyewe ukiona kilio kile hakikuishia kwenye filamu, usingizi umekuhama au chakula hakipiti, hilo halihusu kamera. Mwambie mtu wa karibu, au nenda hospitali ukaonane na mshauri.

Mama jirani. Mwanzoni anapita dirishani wazee wakifunga mizigo, anawapongeza kwa safari na kwa kuwa na watoto waliofanikiwa. Mwishoni anapita dirisha lile lile. Mzee amekaa pale pale alipokuwa amekaa, na kamera imemwachia mkewe nafasi yake kwenye fremu, tupu. Jirani anampa pole. Mzee anajibu kwa adabu, na katika kujibu, karibu kwa bahati mbaya, anasema kwamba mkewe hakuwa mwepesi wa mambo, lakini angejua mambo yatafika hapa angemtendea wema zaidi alipokuwa hai. Neno hilo hakumwambia Koichi, wala Shige, wala hata Noriko, ambaye yeye mzee alimpa saa ya marehemu. Kamwambia mtu anayepita. Na anamwambia akiwa amekaa mahali alipoutafutia mto. Jirani anatikisa kichwa, anaaga, anakwenda zake, na bandarini boti inapita.